Pawatila Iliyonyamaza

Pawatila ya Hezroni, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, ilikuwa inakohoa, na hilo halikuwa siri. Bujonde nzima, kila mwenye masikio alijua kwamba ile ko, ko, ko inayofuatana na mlio wa injini ni ya Hezroni na si ya mtu mwingine. Watoto waliibatiza Kikohozi. Wakubwa nao wakalidaka jina, na kufikia mwaka wa tatu hata mzee wa kanisa alisimama kwenye matangazo akasema Kikohozi kitaingia shamba la usharika siku ya Jumanne. Watu walicheka. Hezroni alicheka nao, maana angefanyaje, lakini jina lile lilimuuma hadi nyumbani.

Nyumbani hapakuwa na wa kumweleza. Mkewe Marta alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao wa pekee, Kisa, aliolewa Songea, na huko wakwe na watoto walimshika miguu na mikono. Tusizunguke: Hezroni alikuwa mpweke. Alikuwa anapika wali wa mtu mmoja, anakula nusu, halafu anaubishia ule uliobaki kama vile umemkosea. Nje ya msimu aliweza kukaa siku nne au tano bila kusikia mtu akitaja jina lake.

Kilichomweka hai ni msimu wa kulima. Bujonde ina utaratibu wake, na mgeni akiusikia huona ni ushamba tu. Zamu ya pawatila haiwekwi kwa simu. Simu watu wanazo, tena nyingine kubwa kuliko sahani, lakini anayepiga simu kuomba kulimiwa huonekana anakurupuka, na ahadi ya simu haina mwenyewe. Watu husikiliza. Mvua zikishalainisha majaruba ya mpunga, kila mtu hukaa kwake akitega sikio. Akisikia mashine ya fulani imeingia shamba la jirani, huchukua alichonacho, fungu la usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, au mkungu wa ndizi, huifuata sauti mpaka shambani. Hapo mwenye shamba ameshapika. Mtu hukaa kwenye kingo ya jaruba, anakula na mwenye mashine na waliopo, na kabla ya kunawa anasema, “Ukitoka hapa, unakuja kwangu.” Basi, imekwisha hiyo. Kwa miezi miwili Hezroni hakula peke yake hata siku moja.

Sasa mwaka jana kijana mmoja anayeitwa Gwamaka alileta pawatila mpya, nyekundu, inanguruma sawasawa kama mashine za kwenye matangazo. Hezroni akaanza kusikiliza kikohozi cha yake kwa masikio ya watu. Aliona siku inakuja ambapo watu watasema mashine ya mzee imechoka, tusije tukakwama katikati ya shamba, twende kwa Gwamaka. Na wakienda kwa Gwamaka, chakula kitakwenda kwa Gwamaka, na vicheko, na habari za nani kaoa na nani kagombana na nani. Yeye atabaki na sufuria yake.

Mwishoni mwa Novemba alimwita fundi Anyitike. Fundi aliiwasha mashine, akaisikiliza huku ameinamisha kichwa, akaizima.

“Tata, hii inataka kufunguliwa,” alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. “Humo ndani chuma kimelika. Vipuri vyake viko Mbeya. Nipe siku kumi.”

“Siku kumi, na mvua inaanza?”

“Ungeniita mwezi wa nane.”

Mwezi wa nane hapakuwa na mtu wa kuisikia, kwa hiyo haikumwasha masikio. Alimshukuru fundi, “Ndaga fijo,” akasubiri aondoke, akapanda boda kwenda Kyela mjini, hadi duka la Badru pale Bondeni.

Badru alikuwa anauza oili, mikanda, nozeli na chupa ndogondogo zenye picha za magari ya mashindano. Babu yake alikuja kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, na Badru mwenyewe, pamoja na kuzaliwa Kyela, bado alikuwa na ule ulimi wa kumkaribisha mteja hadi akasahau alichofuata.

“Karibu Mzee Hezroni, karibu kivulini. Shikamoo. Msimu umefika, hata shikamoo zimekuwa za kutafutana.”

“Marahaba. Nataka ile dawa. Ya kutuliza injini.”

Badru aliishusha chupa moja, akaiweka juu ya meza, lakini hakuiachia. “Mzee wangu, mimi nauza, na muuza hasemi bidhaa yake mbaya. Ila wewe ni mtu wangu wa siku nyingi. Inagonga?”

“Inagonga kidogo.”

“Kidogo ya watu wote au kidogo yako?”

Hezroni aliinamia picha ya gari kwenye chupa.

“Basi nisikilize. Oili nzuri inatoka kiwandani na dawa zake ndani, walishapima wenyewe kiasi. Ukiibadilisha kwa wakati na ukaweka ile inayotakiwa, injini nzima haihitaji chupa hii. Na injini iliyolika haiponi kwa chupa hii. Hii ni nzito kama asali. Inajaza pale palipoachia, sauti inapungua, na mwenye mashine anafurahi. Chuma kilichokwenda hakirudi. Tena ikiwa nzito kupita kiasi, asubuhi inachelewa kufika kwenye vijia vidogo, chuma kinasagana kikavu. Wako wanaoweka wakasema imewasaidia, siwabishii. Mimi gari langu siweki.”

“Lakini itanyamaza?”

Badru alimtazama. Alikuwa ameuza vya kutosha kujua mtu anayeuliza swali na mtu anayeomba ruhusa.

“Kunyamaza itanyamaza,” alisema. “Kwa muda.”

“Nipe mbili.”

Ukiona mtu mzima anaambiwa ukweli na muuza duka, tena muuza duka anayekula hasara kwa kuusema, halafu anaongeza chupa ya pili, ujue hapo tatizo si injini.

Alizimimina zote mbili jioni ileile. Asubuhi alipoiwasha, mashine ilisitasita, ikatoa moshi, kisha ikashika. Ikanguruma. Hezroni alisimama akisubiri ile ko, ko, ko. Haikuja. Aliizunguka, akainama, akaweka kiganja kwenye chuma. Kimya. Ilikuwa inanguruma kama ya Gwamaka. Alijisikia kijana, na kama Marta angekuwepo angemwita aje asikie.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Tulinagwe, mjane wa makamo ambaye nyumba yake iko kando ya barabara na shamba lake liko mbali, nusu saa kwa miguu ndani ya maji na matope. Waliiweka mwaka jana, siku ya mlo wa mwisho. “Mwakani unaanzia kwangu,” alimwambia. “Huna haja ya kupita nyumbani, mguu wangu huu hautaki safari za bure. Wewe ingia tu, nikikusikia nakuja na chakula.”

Basi Hezroni aliingia. Alilima asubuhi yote, jaruba baada ya jaruba, mashine ikienda bila kukohoa hata mara moja. Jua lilipofika utosini aliizima, akanawa mikono kwenye mfereji, akakaa kwenye kingo.

Alikaa sana. Mbali kule njiani walipita wanawake watatu wenye ndoo, mmoja akageuka kuangalia upande wa shamba, kisha wakaendelea na safari yao. Mwaka jana wangekata kona waje kumsalimia. Hezroni aliinua mkono, akaushusha kabla haujafika juu.

Tulinagwe hakuja. Wala mwingine yeyote hakuja. Saa tisa aliinuka, akaiwasha mashine, akalima na njaa yake. Jioni alirudi kwake kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ya Tulinagwe, maana mtu mwenye heshima zake hapiti kwenye nyumba ambayo chakula chake kimesahaulika, itaonekana anadai.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila mbaya zaidi, kwa sababu siku ya pili mtu hawezi tena kusema labda wamechelewa. Alielewa, au alidhani ameelewa. Wameshahama. Wamekwenda kwa Gwamaka, na Tulinagwe ameona aibu kumwambia, akamwachia alime kimya, amalize aende zake. Alimwonea hasira, halafu hasira ikaisha, ikabaki ile hali ya nyumbani, sasa imemfuata hadi shambani. Akaiongezea mashine mafuta ikimbie. Zamani ile ko, ko, ko ilikuwa inapanda ikichoka, naye alijua kuipumzisha. Sasa haikumwambia kitu. Ilikimbia kimya, na saa kumi na nusu, imebaki mistari miwili kumaliza, ilizimika mara moja. Alipojaribu kuizungusha kwa mkono haikutikisika.

Asubuhi ya siku ya tatu Anyitike aliifungua palepale shambani, juu ya turubai. Alichovya kidole kwenye oili, akakivuta, na uzi mrefu ukafuata.

“Umeweka nini humu, tata?”

Hezroni alisema.

“Chupa ngapi?”

Alisema pia. Anyitike hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimwonyesha tu vyuma vilivyoungua vikashikana, akasema sasa si siku kumi tena, ni wiki nne, kwa sababu kilichokuwa kimelika kimoja sasa vimekwenda vitatu. Akatoka kwenda barabarani kutafuta mtandao ili apige simu Mbeya.

Hapo ndipo Tulinagwe alipotokea, anachechemea kwenye kingo, sufuria kichwani, kanga imelowa hadi magotini. Alikuwa amenuna. Aliitua sufuria chini.

“Ugonile, Baba Kisa,” alimsalimia kavu.

“Ndaga,” aliitikia Hezroni.

“Mimi nimekukosea nini?”

Hezroni alidhani hakusikia vizuri. “Wewe?”

“Umelima shamba langu kama mwizi. Siku mbili nimepika, siku mbili nimekaa mlangoni nimetega sikio, wali unapoa, bata wamekula. Nilisikia mashine, ndiyo, nikasema hiyo ya Gwamaka, iko kwa jirani. Nikasema Baba Kisa mwaka huu hajatoka, sijui anaumwa, sijui ameshauza. Jana usiku Godwin, yule jirani wa hapa shambani, ndiye kapita kuniambia shamba langu limelimwa na mashine imekufa ndani yake.”

Hezroni alitazama vyuma kwenye turubai. Alitafuta uongo, akakosa. “Niliitia dawa isikohoe,” alisema. “Niliona aibu.”

“Aibu ya nini?”

“Mnavyocheka.”

Tulinagwe aliketi, akaunyoosha ule mguu mbaya.

“Sisi hatukuwa tunasikia ugonjwa pale,” alisema. “Tulikuwa tunasikia ni wewe.”

Hezroni alijisikia vibaya kuliko siku zote mbili za njaa. Aliuliza swali aliloliogopa. “Na wengine?”

Tulinagwe hakumficha. Watu walisubiri siku ya kwanza. Siku ya pili, kwa kuwa Kikohozi hakikusikika popote na mvua haimsubiri mtu, walikwenda kwa Gwamaka, wote kumi na wawili wa zamu zake. “Na mimi pia,” alisema, akitazama pembeni. “Lile shamba langu jingine la chini nimempa. Anaingia kesho. Ningejua, Baba Kisa. Ningejua, nisingempa.”

“Umefanya sawa.”

Walikula. Wali na usipa, vimepoa kidogo kwa sababu ya njia. Hezroni alikula taratibu mno, kama mtu anayehesabu, maana aliamini huo ndio mlo wake wa msimu mzima. Anyitike alirudi, akala, akasema Mbeya wamepatikana, akaondoka na vyuma kwenye mfuko wa saruji. Tulinagwe akakusanya vyombo vyake.

“Kesho nitapika tena, kule chini,” alisema. “Njoo ule.”

“Nije? Nije na nini, na mashine iko kwenye mfuko wa fundi?”

“Uje na mkono wa kulia,” alisema Tulinagwe, akajitwika sufuria.

Usishangae kwamba jambo dogo namna hiyo lilimnyima raha hadi kesho yake. Kwa miaka minne hakuwa amekwenda mahali popote ambapo hakuitwa na kazi. Alivaa shati safi akalivua, akaona atachekwa, amekuja kula jasho la Gwamaka. Akalivaa tena. Saa sita akasikia kule shamba la chini mashine nyekundu imezimwa, akajua sasa wananawa. Alisimama uani kwake kitambo. Kisha akatoka, akashika njia ya majaruba, viatu mkononi, maji hadi kwenye vifundo.

Walikuwa wamekaa ndani ya kibanda cha kulindia ndege, Gwamaka, Godwin, Tulinagwe na wengine watano au sita, migongo imegeukia njia, wanacheka kitu. Hezroni alifika hatua chache tu kutoka mgongo wa mwisho, na hapakuwa na aliyegeuka, kwa sababu hapakuwa na aliyemsikia akija. Ilimbidi afungue mdomo mwenyewe.

“Hodi,” alisema.