Moto wa Mbali na Vitambaa Vitatu

Mzee Tombe alikataa arusi kwa sababu ya redio.

Alikuwa amekwisha kukubali, au tuseme karibu. Draku, mfyatua matofali wa Arua, alikuwa amefika Koboko na mbuzi wake wa posa, akakaa kwa adabu, akacheka pale alipotakiwa kucheka. Kisha jioni moja ya mwaka 1973 redio ikatangaza kwamba mitambo ya Wamarekani, iliyorushwa juu ili kuchungulia majaribio ya mabomu, imeona kitu kingine kabisa: mimweko ya miale iitwayo gamma, mikali ajabu, inayowaka kwa muda mfupi na kuzimika. Haitoki duniani. Haitoki kwenye jua. Inatoka wapi hasa, hakuna ajuaye.

"Mutu iko natupa moto huko juu," Tombe alimwambia Kiden, binti wa marehemu mdogo wake, "na wewe unataka mimi natengeneza pombe ya arusi? Kama Bwana narudi, arusi ya nini?"

"Kama anarudi, Baba, afadhali atukute tumefunga ndoa kanisani."

"Hapana! Kwanza mimi najua hii moto natoka wapi. Hao watu hapana kuwa huko juu. Wanajua namna gani kama si hapa tu, Kongo? Onyesha mimi na macho yangu namna wanajua, utaolewa. Ukishindwa, hiyo mutu yako narudi kwa matofali yake."

Kiden akarudi Arua akicheka na kulia pamoja. Alikuwa mjane, fundi cherehani, mwanamke mzima aliyejua kusoma tangu mwaka uliopita tu, katika darasa la jioni lililofanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Draku alikaa dawati la nyuma yake. Mapenzi yalikuwa yamemwingia Kiden kama homa. Wiki ile alishona gauni la mteja akaweka mikono yote miwili upande mmoja, akaomba msamaha kwa Mungu kwanza, kwa mteja baadaye.

Darasani alisimama akawaeleza wote shida yake bila haya. Mwalimu Nestor, mtu wa Kongo mwenye shingo ndefu na subira ndefu zaidi, alifuta ubao.

"Mitambo ni kadhaa," alisema, "na imekaa mbalimbali, kuizunguka dunia. Mwale ukipita unagusa mmoja kwanza, halafu mwingine, halafu mwingine. Ukijua nani ameguswa kwanza na nani amefuata, unajua mwale umetoka upande gani. Ndivyo walivyojua kwamba si dunia wala jua."

"Na wale wenye darubini kubwa hapa chini?" Draku aliuliza. "Si watazame tu huko?"

"Wametazama. Upande unajulikana kidogo, lakini kitu chenyewe bado hawajakiona."

"Sasa mzee wa Koboko ataona mwale kwa macho gani?"

Hapo Kavira, mwuza vitenge kutoka Bunia, akapiga dawati. "Tumia sauti! Mutu akipasua kuni ngambo ya mto, unaona shoka inashuka, sauti inakuja nyuma. Sauti inatembea na miguu. Sisi tutakuwa mitambo!"

Darasa zima likapiga kelele. Walipatana hivi: watatu wangesimama mbalimbali, kila mmoja na kitambaa cheupe, na yeyote atakayesikia sauti atainua chake mara moja. Tombe angeziba masikio kwa pamba, atazame vitambaa tu, na kwa kutazama aseme mwenye sauti amejificha wapi. Ngoma hawakuitaka, maana ingekusanya watu wakidhani kuna msiba. Bunduki, mwaka ule wa utawala wa wanajeshi, hakuna aliyetaka hata kuitaja.

"Koo langu litatosha," Draku akasema, na hakuna aliyemwuliza zaidi.

Jumapili baada ya ibada lori la kwenda Oraba liliwashusha Koboko. Boma la Tombe lilikuwa juu ya mwinuko, na barabara ilionekana chini yake, nyeupe, imenyooka, Kongo ikiwa kando yake moja na Yumbe kando ya pili. Kavira alitembea kuelekea upande wa Oraba mpaka akawa mdogo kama kuku. Mwalimu Nestor alisimama katikati. Asiku, mpishi wa hospitali aliyejiunga na darasa ili asome Zaburi mwenyewe, alibaki upande wa Arua. Draku akatoweka vichakani. Tombe akasokota pamba, akajaza masikio yote mawili, akawa kiziwi kama jiwe.

"Bwana Yesu," Kiden aliomba akiwa amesimama nyuma yake, "wewe uliyeweka nyota, tusaidie na vitambaa."

Sauti ikaja. Ilikuwa nyembamba, ya juu, ikapanda, ikavunjika mara mbili na kuishia kwa mlio kama wa ndege aliyeshtuka. Kitambaa cha Kavira kikaruka. Kikafuata cha Nestor. Halafu cha Asiku.

"Oraba!" Tombe alipiga ukelele, kwa nguvu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Mutu iko upande ya Oraba!"

Na kweli, huko kwenye nyasi za upande wa Oraba, Draku akatokeza akiinua kofia. Mzee akapiga makofi, akazunguka mara moja mahali pale pale. "Nimekamata yeye na macho! Tena! Yeye naenda mahali ingine!"

Kiden angecheka, ila alikuwa ameitambua ile sauti, akageuka haraka kutazama jikoni. Kwa Walugbara, kabila la Draku, kila mwanamume ana mlio wake, wanauita cere, wala mwingine hathubutu kuuiga. Mwanamume huupiga anapokaribia nyumbani, ili mkewe asikie na kuweka maji motoni. Draku hakuwa na mlio mwingine wa kufika mbali. Na mke wa Tombe, Mama Ayikoru, alikuwa mtu wa Ajia, Mlugbara wa damu, na masikioni mwake hamkuwa na pamba.

Alikwisha kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Huyu ni nani anarudi nyumbani? Kwa nani?"

"Mama, ni somo tu..."

"Somo!" Ayikoru akamtazama juu mpaka chini, akaanza kutabasamu. Akarudi jikoni, na mara kuku mmoja akalalamika kwa uchungu.

Mlio ukaja mara ya pili. Safari hii vitambaa vyote vitatu vilipanda karibu pamoja, kile cha katikati kikiwahi kidogo tu. Tombe akakunja uso.

"Kando," alisema. "Iko kando ya barabara. Lakini kando gani? Ya Kongo ao ya Yumbe?"

Kiden hakujua. Akatazama barabara iliyonyooka, na wale watatu juu yake kama vifungo vya shati. Mtu akiwa kulia kwao au kushoto kwao, vitambaa vingesema jambo lile lile.

"Unaona?" Tombe alipaza sauti, na uso wake ulikuwa wa huzuni, maana mchezo ulikuwa umemwingia. "Mashini yenu hapana jua! Moto inaweza kutoka Kongo. Basi. Arusi hapana."

Kiden alifumba macho. Aliomba bila maneno, kwa sababu maneno yalikuwa yamekwisha, na alipokuwa anaomba mikono yake ilishika mshono wa kanga yake, kama ilivyozoea. Kitambaa ukikipima kwenye mstari mmoja tu, unajua urefu. Mwili wa mtu hauujui. Lazima upime na upana. Na mwalimu alisema nini? Mitambo *inaizunguka* dunia! Haikupangwa foleni kama watu wa sukari!

Akamshika mzee mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwonyesha kwa vidole: ngoja. Kisha akateremka mbio, viatu mkononi, akipiga kelele, "Mwalimu! Toka barabarani! Ingia kwenye karanga, upande wa Kongo! Ndani! Ndani zaidi!" Mwalimu Nestor, na suruali yake ya kanisani, akaingia kwenye karanga.

Kiden alipofika juu tena akihema, mlio ukaja. Kitambaa cha kwanza kupanda kilikuwa kile cha kwenye karanga, peke yake, wazi kabisa. Vya barabarani vikafuata.

"Kongo!" Tombe akaruka. "Iko Kongo!"

Kofia ya Draku ikapanda upande wa Kongo, na mzee Tombe, baba wa watu wengi, akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akasimama akataka kitambaa chake mwenyewe. Kiden akajaribu kumwambia maana ya ule mlio, akionyesha jikoni, akionyesha majirani waliokuwa wanaingia bomani mmoja mmoja na nyuso za sherehe. Akasukumwa kando. Mzee akazibua sikio moja, akasimama mbele ya boma lake, na kila Draku alipopiga mlio, kutoka Yumbe, kutoka Oraba, kutoka Kongo, yeye akainua kitambaa cheupe juu ya kichwa na kukipepea kwa nguvu zote.

Wanawake wakaanza vigelegele. Kwa sikio moja Tombe alidhani wanamshangilia yeye, akazidi kupepea.

Hatimaye alichoka, akatoa pamba iliyobaki. Kelele zikamwangukia. "Nini? Kuna nini?"

"Mume wa Kiden amerudi nyumbani," Ayikoru alisema, mikono kiunoni. "Amerudi, amerudi, amerudi tena. Koboko yote imesikia. Na wewe mwenyewe, mbele ya watu, unapungia yeye kitambaa. Sasa utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unafukuza nzi?"

Kavira, aliyekuwa amefika na kitambaa begani, akaanguka kwa kucheka juu ya Asiku.

Tombe alitazama majirani, akatazama kuku aliyekwisha kunyonyolewa, akamtazama Kiden. "Hiyo moto ya huko juu," alisema polepole. "Nao walifanya namna hii hii? Mashini moja kwenye karanga?"

"Namna hii hii, Baba. Kwa hiyo wanajua si Kongo, si Koboko, wala si jua. Inatoka mbali kupita tunavyoweza kufikiri."

"Na hao watu iko bado hapana jua ni nini."

"Bado. Mungu anajua."

"Basi yeye natunza," alisema Tombe. "Sisi nakula."

Draku alipanda mwinuko akiwa na majani nywelani na kofia mkononi, hajui lolote. Tombe akamwuliza kwa sauti ya kanisani, mbele ya wote, kama anamtaka binti huyu. Draku akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, koo lilikuwa limekwisha kabisa, kila tone lake limebaki vichakani. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, akaendelea kutikisa mpaka kofia ikamwanguka, na Kiden akasema, "Amina," kwa sauti ya watu wawili.