Gari Lililozimika Mnarani

Mlio ulitokea chini ya kiti cha nyuma, tap!, kama mtu aliyekanyaga kopo tupu, wakati Seol Mi-gyeong akikata kona kuelekea kliniki. Kwenye skrini ya gari lake la umeme pakatokea maandishi mekundu: simamisha gari mahali salama. Hapo hapo gari likapoteza nguvu, likawa linajikokota kwa mwendo wa baiskeli.

Mi-gyeong hakusimama. Kumtoa mama mkwe wake nyumbani kulikuwa kumekula asubuhi nzima. Viatu vilivaliwa na kuvuliwa mara tatu, koti likafichwa kwenye friji, na daktari wa maradhi ya kupoteza kumbukumbu alikuwa na nafasi moja tu kwa miezi miwili. Zilikuwa zimebaki mita mia mbili.

Jengo la kliniki halikuwa na uwanja wa magari, lilikuwa na mnara, kama majengo mengi ya katikati ya jiji la Daegu, Korea Kusini. Gari linaingizwa juu ya sahani ya chuma, watu wanashuka, mlinzi anabonyeza kitufe, na mitambo inalipandisha gari juu na kulipanga pamoja na mengine kama vyombo kabatini. Sheria ni kwamba abiria hushukia nje. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na mama mkwe, Bibi Ok Bun-nye, mwenye miaka sabini na tisa, alikunja mikono.

"Sishuki kwenye maji mimi. Kashuke wewe, bata."

Basi Mi-gyeong akaingia naye, akipanga kumshushia ndani, pakavu.

Tairi zilipotulia tu juu ya sahani, gari likafa. Skrini ikawa nyeusi. Akabonyeza kitufe cha mlango, kimya. Akajaribu kioo, kimya. Hata honi haikulia. Vioo vya gari vilikuwa vya giza, kutoka nje huoni kitu. Mlinzi, bwana Gye, alikuwa amegeukia nyuma akibishana na dereva aliyekuwa anapiga honi mfululizo. Alipogeuka, akaona taa zimezimwa, akadhani wenyewe wameshatoka. Akabonyeza.

"Tumo ndani!" Mi-gyeong alipiga kioo kwa ngumi. "We bwana! Tumo ndani!"

Lango la chuma likateremka nyuma yao. Giza. Sahani ikaanza kupanda.

Simu aliyoiwazia kwanza ilikuwa ya kaka yake, Tae-gon, fundi magari mwenye karakana kaskazini mwa mji. Akaiweka kwenye spika.

"Kaka, gari limezima na milango haifunguki!"

"Si nilikwambia? Barua ya kiwanda ya kubadilishiwa kile kifaa si uliipata? Nimekukumbusha mara nne!"

"Kaka, nisikilize..."

"Betri kubwa haina neno. Kilichokufa ni kile kinacholisha betri ndogo, na milango yote inategemea betri ndogo. Tulia. Chini ya mfuko wa mlango kuna kamba nyekundu. Ivute, mlango utafunguka."

"Subiri, kaka, tuko..."

Lakini Bibi Bun-nye, ambaye siku nzima huwa hasikii neno unalomwambia, hilo alilisikia. Mkono wake ulikuwa umeshazama chini. Akavuta.

Mlango wa upande wake ukafunguka juu ya utupu. Upepo baridi wenye harufu ya grisi ukaingia. Mlango ukagonga boriti ya chuma, ukapinda kwa kishindo, na mnara mzima ukatikisika na kusimama. Mi-gyeong alijirusha, akakamata koti la mama mkwe kwa mikono miwili. Mguu mmoja wa bibi ulikuwa nje. Kiatu chake kikadondoka. Walisubiri kusikia kikifika chini, na kilichukua muda.

"Nini hicho?" Tae-gon aliuliza.

"Tuko kwenye mnara wa magari wa kliniki, kaka. Tuko juu. Mlango umefunguka."

Sauti ya kaka yake ikaja ndogo, siyo ile ya kugomba. "Umemshika?"

"Nimemshika."

"Usimwachie. Nawapigia zimamoto, 119, kwa simu ya mteja. Usikate hii."

Akamvuta bibi ndani na kumfunga mkanda, naye akaufungua. Akaufunga tena, ukafunguliwa tena. Mlango ulikuwa umepinda, haukukubali kufunga, na uwazi uliobaki ulimtosha mtu mwembamba. Bibi Bun-nye alikuwa mwembamba. Kutoka chini sauti ya bwana Gye, ambaye sasa alikuwa amezisikia sauti zao, ilipanda, karibu ya kulia: "Mama! Samahani, mama! Msitikisike! Fundi wa mnara yuko njiani!"

"Baada ya muda gani?"

"Dakika hamsini!"

Dakika hamsini. Mbele ukuta wa chuma, nyuma ukuta wa chuma, pembeni shimo.

"Mwizi wewe!" Bibi alipiga kelele. "Niachie koti langu! Watu njooni, kuna mwizi!" Akamng'ata kifundo cha mkono, meno yakaingia. Mi-gyeong hakuachia. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Miaka sita alikuwa amemshika mwanamke huyu hivi hivi, bafuni, ngazini, barabarani, huku mumewe akiwa kisiwani Geoje kwenye ujenzi wa meli, akituma salamu. Na hapo gizani likamjia wazo: vidole vikichoka vyenyewe, nani atanilaumu? Wazo halikukaa hata pumzi mbili. Lakini lilikuja, na alilitambua kuwa ni lake.

Akakaza mkono zaidi. Ndipo akakumbuka picha iliyokuwa chumbani kwa bibi: bibi mwenyewe ujanani, mhudumu wa lifti mwenye glavu nyeupe na kofia ndogo, amesimama ndani ya lifti ya duka kubwa, mwaka wa sitini na nane.

"Dada," alisema, kwa sauti ya mteja. "Samahani, dada wa lifti. Imekwama?"

Bibi akaacha kung'ang'ana.

"Tuko katikati ya ghorofa," Mi-gyeong akaendelea. "Wageni wanaogopa. Tufanyeje?"

Mgongo wa yule mzee ukanyooka taratibu. Akajifuta mdomo, akalaza viganja mapajani, na ikamtoka sauti ambayo Mi-gyeong hakuwahi kuisikia, laini na ya kujiamini.

"Wageni waheshimiwa, lifti imesimama kwa muda. Tafadhali msiguse mlango. Mtu akigusa mlango, nitamripoti kwa meneja."

"Hatugusi, dada."

"Na wewe mgeni, acha kulia. Unawatisha wenzako."

Mi-gyeong hakuwa analia; kwenye simu, Tae-gon alisikika akivuta kamasi.

Walikaa hivyo. Kila baada ya dakika chache bibi alirudia tangazo lake, na mara mbili alimkemea Mi-gyeong kwa kusogea. Fundi alipofika aliishusha sahani kwa kuzungusha mtambo kwa mkono, kidogo kidogo, zimamoto wakimulika tochi kutoka chini. Tae-gon alikuwepo langoni, ameloa, na nyaya za kuunganishia betri zikining'inia shingoni. Alimbeba bibi mgongoni hadi kwenye kiti cha mlinzi, akamvalisha kandambili za bwana Gye.

Kipuri kilichukua siku kumi na tisa kufika. Mi-gyeong alipokwenda kuchukua gari, kaka yake alimwonyesha kifaa kilichoungua, kisanduku cha alumini kisichozidi boksi la viatu, na fyuzi yake iliyopasuka.

"Hiki tu ndicho kilichotaka kukuueni," alisema.

"Siyo hicho tu." Mi-gyeong alitazama sakafu yenye mafuta. "Kule juu nilifikiria kumwachia, kaka. Kidogo. Lakini nilifikiria."

Tae-gon akazima mashine ya upepo. Alisugua mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ulivyohitaji uchafu uliokuwepo.

"Jumanne na Ijumaa mlete bibi hapa," akasema mwishowe. "Ofisini kuna hita na televisheni."

"Wewe? Paka wako mwenyewe anakula kwa jirani."

"Basi nitajifunza. Mlete."

Jumanne ya kwanza alimpeleka saa tatu asubuhi. Akarudi nyumbani, akajilaza kitandani na soksi zake miguuni, akalala mpaka saa nane mchana.