Foleni ya Mzee Kamba

Seva ilikuwa izimwe Jumatatu, na Fundi alikuwa na jambo aliloliweka kiporo kwa miaka kumi na miwili.

Siku hizi yeye ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta, lakini jina la Fundi lilimganda tangu alipoajiriwa na ofisi ya vipimo vya visima, binti mwembamba mwenye maneno mengi. Ijumaa ile alibaki peke yake katika chumba cha seva, akipitia kumbukumbu za zamani kabla mashine haijang'olewa. Ndipo mstari ukatokea kwenye skrini, na tarehe yake na saa yake: kabati la Mzee Kamba limefutwa, mabadiliko mia nne na kumi na mawili yaliyokuwa kwenye foleni yamepotea. Aliyetoa amri: jina lake mwenyewe.

Jumatatu mstari ule ungeondoka na mashine, na hakuna binadamu ambaye angejua tena. Nani angemuuliza? Fundi alikaa akiutazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauchapisha kwenye karatasi.

Jamani, enzi zile zilikuwa tamu, tusidanganyane. Wapimaji walikuwa wakiondoka mwezi, hata miezi miwili, kwenda kwenye visima vya mbali ambako mtandao ulikuwa hadithi tu. Mafaili yote ya ofisi yaliishi kwenye seva moja, lakini mfumo wao, ule wa mashine za jamii ya Unix, ulikuwa na ujanja wake. Kila kompyuta ya mkononi ilikuwa na sehemu waliyoiita kabati. Kabla ya safari unaandika orodha ya mafaili unayoyataka, nayo yanawekwa humo. Ukichomoa waya, unaendelea na kazi kana kwamba seva umeitia mfukoni. Unachoandika huko porini kinajipanga kwenye foleni, kinasubiri. Siku unayorudi na kuchomeka waya, foleni nzima inaingia kwenye seva yenyewe.

Na siku hiyo ya kurudi! Mpimaji anaingia na viatu vyake vya tope, ofisi nzima inajazana nyuma ya kiti chake kutazama namba ikishuka. Mia mbili. Mia na hamsini. Karani wa masijala anabashiri itachukua dakika ngapi, na akikosea ndiye anayechemsha chai. Ikifika sifuri watu wanapiga makofi kama timu yao imefunga goli. Siku hizi mambo yanakwenda yenyewe hewani, hujui kimeingia lini wala kimetoka lini, na hakuna anayempigia mwenzake makofi. Fundi alizikumbuka siku zile kwa uchungu, maana asingeweza kukumbuka makofi bila kumkumbuka Mzee Kamba.

Huyo alikuwa mkubwa wa wapimaji, na jina alilipata kwa ile kamba yake ya kupimia kina cha maji, ambayo hakumwazima mtu. Alimpokea Fundi kama mtoto wa kumzaa. Alimfundisha kujibu barua za wakubwa bila kutetemeka. Fundi naye ndiye aliyemwachisha madaftari.

"Baba, karatasi za nini dunia hii?" alimtania. "Akiba haiozi, na akiba yako imo kabatini."

Mzee alibisha miezi minne, kisha akakubali. Safari ile ya miezi miwili alikwenda bila daftari hata moja.

Aliporudi, kompyuta yake iligoma kufungua mafaili. Waya ulikuwa umechomekwa ukutani. Fundi aliuona kwa macho yake, akadhani foleni imeshaingia. Kumbe tundu lile la ukutani lilikuwa bovu, halikupeleka kitu popote. Watu watatu walikuwa wanamsubiri na mkubwa anaita. Kulikuwa na amri ya kuanza upya, inayofagia kabati lote na kulijaza tena kutoka kwenye seva. Kulikuwa na amri nyingine, ya kuangalia foleni kwanza, ya sekunde tano tu. Sekunde tano, jamani! Hakuipiga. Kabati lilipokataa kujaa akahamishia waya tundu la pili, ndipo likajaa na kompyuta ikaipasha seva yote yaliyofanyika, na ndipo akajua la kwanza lilikuwa bovu. Mzee alikuwa amekwenda kuchukua chai, na aliporudi na vikombe viwili, kimoja cha Fundi, kazi ya miezi miwili ilikuwa haipo.

"Mbona naona vipimo vya mwaka jana tu?" aliuliza.

Hapo ndipo Fundi angesema. Lakini alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na woga ukamfunga ulimi.

"Pengine hukuhifadhi, Baba."

Maneno matatu, basi. Dereva aliyekwenda naye aliapa kwamba alimwona Mzee akibonyeza vitufe kila jioni. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Kubonyeza si kuhifadhi, mdogo wangu." Mkubwa akataja umri, kwa upole, na upole ule ulimuumiza Mzee kuliko kufokewa. Baada ya miezi mitatu aliandika barua ya kustaafu, miaka sita kabla ya wakati wake. Siku ya kuagwa alimshika Fundi mkono akamwambia, "Kichwa kikianza kuvuja, mtu aondoke kabla hajawaangusha wenzake." Fundi alilia kwa kwikwi, na watu wakasema, mwone binti anavyompenda mzee wake.

Basi Jumamosi alipiga moyo konde, akaenda.

Mke wa Mzee, ambaye Fundi alizoea kumwita Mama, alimpokea mlangoni. "Karibu mwanangu! Umetutupa kabisa." Mzee alikuwa sebuleni, shati limepigwa pasi, nywele nyeupe kabisa.

"Baba anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu," Mama akamjibia. "Simwachi atoke peke yake, asije akapotea. Hata dukani hapo kona tunakwenda wote."

Mzee akatabasamu tu. Lakini Fundi alipomwuliza habari za visima vya zamani, alivitaja kwa mpangilio, na goti bovu la yule dereva akaliulizia. Kichwa kilikuwa kizima. Ila kila mara kabla ya kujibu alimtazama mkewe kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kuwa na hakika.

Mama alipokwenda jikoni, Fundi akaitoa ile karatasi.

"Baba, nina neno. Nilikudanganya."

Akasema yote: tundu bovu, amri, sekunde tano. Mzee alivaa miwani, akausoma mstari mara mbili, kidole kikifuata herufi.

"Kwa hiyo niliandika," alisema.

"Uliandika yote, Baba. Nilifuta mimi, kisha nikanyamaza."

"Kwa hiyo niliandika." Akasimama. Fundi aliinamisha kichwa, tayari kwa lolote, hata kofi. Mzee akapaza sauti: "Mama watoto! Hebu njoo! Iache hiyo chai!"

Mama akaja mbio akidhani ameanguka.

"Mwambie," Mzee akamwamuru Fundi. "Kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mama alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha jikoni mkononi, kisha akaketi kwenye ukingo wa kochi.

"Akipoteza miwani tu, moyo unanienda mbio," alisema. "Akimwita mjukuu kwa jina la mwingine, silali. Mwaka ule wa kwanza ulikuja hapa, nikakulilia, ukanipa pole. Kumbe ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mama."

"Miwani nasahau kama watu wote wanavyosahau miwani!" Mzee alicheka, machozi yakimtoka. "Na vile vipimo usiniulize. Nimesahau vyote! Hata kimoja sikumbuki!" Alilitamka neno hilo la kusahau kwa raha, yeye ambaye kwa miaka hakuthubutu kuligusa. Kisha kicheko kikakatika. "Lakini miaka sita, binti yangu. Nilikuwa bado na miaka sita ya kazi."

"Hiyo siwezi kukurudishia, Baba."

"Huwezi," alisema, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati. "Majani ya chai yanakaribia kwisha. Naenda dukani."

"Ngoja nivae viatu," Mama akasema.

"Nakwenda mwenyewe."

Akatoka. Mama alianza kuinuka, akasikia lango likifungwa, akaketi tena. Mikono yake akaikalia.

"Mimi sijakusamehe," alimwambia Fundi, macho yakiwa dirishani. "Lakini usiondoke. Akichelewa, nitahitaji mtu wa kunizuia."