Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Kuntai hakuwa na digrii. Hakuwa na gari, wala kofia ngumu ya plastiki ambayo ingewafanya watu wanyamaze akizungumza habari za barabara. Hakuwa na mtu katika ofisi za kaunti kule Kajiado ambaye angepokea simu yake mara ya pili. Hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilikatwa na msumeno wa kukatia simiti mwaka wa 1986. Hakuwa na subira na watu wanaosema "ni sawa tu". Na siku ya mkutano, hakuwa na miwani yake.

Hilo la mwisho ndilo lililomwangusha.

Miwani ilikuwa nyumbani, juu ya Biblia ya Ruth, mkewe. Aliiacha makusudi. Hotuba yake alikuwa ameikariri wiki nzima, na hakutaka watu wa Kitengela wamwone akivaa na kuvua vioo kama mzee aliyechoka.

Hotuba yenyewe ilihusu barabara ya Machimbo, kilomita moja na nusu ya simiti kutoka barabara kuu ya Namanga hadi machimbo ya mawe. Ilikuwa na slabu mia tatu na thelathini. Kampuni iliyoijenga ilifungwa zamani, lakini Kuntai alikuwa bado hai. Alianza pale kama kibarua wa kubeba mifuko, akamaliza akiwa msimamizi wa maungio, yaani mtu wa kuhakikisha kwamba kati ya slabu na slabu kuna mfereji mwembamba ulionyooka, uliojazwa lami ili maji yasipenye. Kabla ya barabara hiyo, mvua ikinyesha, mgonjwa wa machimboni alitolewa akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne wakizama hadi magotini katika udongo mweusi.

Sasa kaunti ilitaka kuivunja yote na kuweka lami.

Kwa miezi mitatu Kuntai alikuwa ameigonga barabara nzima kwa mtarimbo, slabu moja baada ya nyingine. Slabu nzima hulia kwa sauti kali na fupi. Slabu iliyoliwa udongo chini yake hutoa sauti nzito, kama debe lililofunikwa blanketi. Ishirini na tatu zilikuwa na uvungu. Alizijua kwa namba. Lami ya maungio ilikauka miaka mingi iliyopita, maji yakaingia, na kila lori la mawe lilipopita, slabu ilibonyea na kutema tope pembeni. Zile nyingine mia tatu na saba zilikuwa na nguvu kuliko siku zilipomwagwa.

Dawa yake haikuwa kubwa. Unatoboa matundu katika zile ishirini na tatu, unasukuma uji wa saruji mpaka uvungu ujae, unasaga kingo zilizoinuka, unasafisha maungio yote na kuyaziba upya. Fedha za kuvunja robo ya barabara zingetosha kuitibu yote, na ingeishi miaka mingine ishirini.

Mkutano wa maoni ya wananchi ulifanyika chini ya hema karibu na ofisi ya chifu. Msimamizi wa wadi alikuwa Gideon, mtoto wa jirani, aliyemheshimu Kuntai kwa maneno yote ambayo hayakumgharimu kitu.

"Mzee Kuntai atazungumza," alisema Gideon saa saba, watu walipokuwa wameanza kunusa pilau. "Dakika mbili, mzee wetu."

Kuntai alisimama. Hotuba ilikuwa ya dakika kumi na tano. Akaanza na mwaka wa 1986, barabara ilipojengwa.

"Mzee, ruka kidogo!" alipiga kelele Muturi, mwenyekiti wa waendesha bodaboda, mtu mzima mwenye watoto watatu na mdomo usiochoka. "Hiyo simiti yako inanitoa meno. Ta-ta, ta-ta, kutoka highway mpaka quarry. Abiria wa mimba nilikataa kubeba."

Watu wakacheka.

"Hizo ni kingo zimeinuka," alisema Kuntai. "Zinasagwa tu. Mtu akiumwa jino moja, unamng'oa taya?"

"Taya likiwa la mwaka wa themanini na sita, ng'oa!" alijibu Muturi, na hema lote likaangua kicheko.

Kufikia hapo dakika mbili zilikuwa zimeisha. Gideon alimshika mkono kwa upole akampeleka mwenyewe hadi mezani. "Wazee kwanza. Andika jina mzee, upate chakula na nauli." Karatasi ilikuwa imebanwa juu ya kibao. Kuntai aliona herufi kubwa: ORODHA YA WALIOHUDHURIA. Chini yake palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama sisimizi. Angeweza kusema, "Nisomee huo mstari." Lakini nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu sitini, na Muturi alikuwa wa tatu.

Akaandika jina lake lote, kwa mwandiko ule wa kulala, wa herufi zilizoshikana, aliofundishwa katika darasa la watu wazima kule Athi River, mwaka wa 1979. Penye nafasi ya kazi, akaandika: Mtaalamu wa barabara za simiti, mstaafu.

Kabla ya darasa hilo la jioni alikuwa akipokea mshahara kwa dole gumba. Siku aliyosaini mara ya kwanza, karani alimtania, "Leo umekuja na mkono wa nani?" Kuntai hakuwahi kuusahau utani huo. Ulikuwa sifa kubwa kuliko zote alizopata.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, Injinia Wakhungu alikuja kutoka Kajiado kupima barabara. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye buti za kazi kweli. Kuntai alimngoja kwenye slabu ya mia moja na tisa, mtarimbo mkononi.

"Injinia, nipe dakika moja. Sikiliza hii." Akagonga slabu ya mia moja na nane: kali, fupi. "Na hii." Akagonga ya mia moja na tisa.

Injinia aliuchukua mtarimbo akagonga mwenyewe. Akaenda ya mia moja na kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Alienda slabu arobaini, Kuntai nyuma yake akiwa na furaha aliyoogopa kuionyesha.

"Mzee wangu," alisema mwishowe, "uko na haki. Hii barabara si ya kuvunjwa."

"Basi!"

"Ngoja. Mwaka huu fungu la matengenezo halipo. Lililopo ni la barabara mpya. Kutibu, siwezi kupata hata mfuko mmoja. Kuvunja, napata tingatinga kabla ya Jumatatu." Akafungua faili lake. "Halafu wananchi walikubali. Tena tumeandika kwamba mtaalamu wa hapa aliunga mkono. Ni nani huyo, mnamjua?"

Akamgeuzia karatasi. Leo Kuntai alikuwa na miwani. Aliona jina lake juu kabisa, zuri, limelala vizuri. Chini ya herufi kubwa alisoma: na kuridhia kuondolewa kwa barabara iliyopo.

Alikaa chini, juu ya slabu.

"Mzee, ni wewe?" Injinia alichuchumaa kando yake. "Ulisaini bila kusoma?"

Miaka arobaini Kuntai alikuwa amewaambia vibarua, majirani na watoto wake: soma kabla ya kusaini.

"Kuna njia moja," alisema Injinia kwa sauti ya chini. "Pingamizi zinapokelewa hadi Ijumaa saa kumi na moja. Jina la mtaalamu likitoka, naweza kuiomba kamati isimamishe kazi tupime upya. Lakini wanasheria wetu wanakubali sababu moja tu. Anayejua kusoma anahesabiwa amesoma. Ni lazima useme hujui kusoma, na hakuna aliyekusomea. Uweke dole gumba."

"Hilo litaokoa barabara?"

"Siahidi, mzee. Pengine hawataifungua hata bahasha. Lakini bila hiyo sina pa kuanzia."

Ijumaa asubuhi lori refu lilishusha tingatinga kwenye njia panda. Kuntai alilitazama kutoka mlangoni, kisha akaketi mezani na karatasi tupu. Ilifika saa sita ikiwa bado tupu.

"Baba Kakenya," alisema Ruth, "waandikie kwamba hukuwa na miwani. Ni kweli."

"Hawataki kweli. Niko na kweli nyingi, hakuna anayezitaka."

"Kwa hivyo utasema uongo?"

"Mama Kakenya, wewe ulikaa na taa mezani miaka miwili ukiningoja nirudi kutoka darasani. Niambie, niseme?"

Ruth alitazama nje, kule tingatinga lilikokuwa. Akaenda kwa jirani wao Ann, mwenye duka la kutoa nakala, akarudi na kidau cha wino wa zambarau.

Barua ya mtu asiyejua kusoma haiwezi kuwa na mwandiko wa kulala. Kuntai hakuwa amelifikiria hilo. Ilibidi Ruth aandike, kwa herufi zake kubwa zilizopinda, naye akamtajia: Mimi, Moses Kuntai, sijui kusoma wala kuandika. Siku ya mkutano niliandikiwa jina, na hakuna aliyenisomea. Naomba jina langu liondolewe. Ruth alikosea "liondolewe" akaruka silabi. Kuntai aliliona kosa, akaliacha.

Akachovya dole gumba katika wino na kulikandamiza mwisho wa karatasi, akilibingirisha kutoka upande hadi upande. Hakuhitaji kuelekezwa. Dole lilikumbuka.

Muturi alikuja saa nane, amepigiwa simu na Ruth. Hakutania. Alikuwa ameliona tingatinga, na alikuwa amesoma juu ya bahasha pale mezani ilikokuwa ikielekea.

"Mzee, hiyo mashine imeshushwa tayari. Unajua hawawezi kuirudisha tupu?"

"Najua."

"Na mimi ndiyo nilipiga kelele."

"Barabara ilikutoa meno, ulisema. Hukudanganya." Kuntai alikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani, akalamba gundi. Alipobana mdomo wa bahasha, dole lake lilikuwa bado na wino mbichi, likaacha alama nyingine ya zambarau mahali pa kufungia. Alijaribu kuifuta na kiganja, ikatanda.

"Iache," alisema Ruth.

Akampa Muturi. Muturi aliiweka ndani ya koti, akafunga zipu hadi shingoni, akawasha pikipiki. Walimsikia akishuka kuelekea barabara kuu ya kwenda Isinya, kisha Kajiado: ta-ta, ta-ta, juu ya kila ungio, mpaka slabu zikaisha.