Kikao Kisichofungwa

Kila Jumanne saa tatu asubuhi baraza la mji wa Puerto Lajas hukaa kikao, na sheria inataka kikao kirekodiwe. Kazi hiyo ni ya Nayibe, karani wa baraza. Mwezi Machi alisahau kubonyeza kitufe chekundu, akakaripiwa mbele za watu. Kwa hasira akaandika skripti ya Python, amri za kompyuta za mistari ishirini na miwili: ifungue programu ya kurekodi saa tatu, ibonyeze kitufe, isimamishe saa tano, ihifadhi faili kwa tarehe ya siku hiyo.

Jumanne iliyofuata timu ya taifa ilicheza ugenini, hakuja diwani hata mmoja. Skripti haikuambiwa habari za mpira. Saa tano faili lilikuwepo, na ndani yake madiwani wote kumi na mmoja: waliitwa majina wakaitika, wakanywa kahawa kwa kelele, na Diwani Manjarrés akakohoa kama kawaida yake. Nayibe akaandika kumbukumbu. Mwenyekiti, Don Arístides, akazisoma na kutia saini.

"Hapa nimesema vizuri," alisema. "Sasa tuwe tunakuja kufanya nini?"

Hawakuja tena.

Aliyeumia ni Doña Eudoxia Pertuz wa mtaa wa Loma Alta. Huko bomba la maji limeahidiwa tangu mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, na sasa mjukuu ana ndevu. Alipanda ngazi za baraza amevaa viatu vya kanisani, akakuta viti vitupu.

"Umechelewa, mama," Nayibe alimwambia. "Umeshaongea. Dakika ya arobaini."

Akamfungulia asikilize. Ilikuwa sauti yake, na pumu yake. Kisha Don Arístides: "Tunalishughulikia, mama yangu," na kengele ya kufunga kikao ikalia.

"Loo! Hata wasipokuwepo wananizungusha?" alisema Doña Eudoxia. "Mwanangu, si wewe unayeiamrisha hiyo mashine? Iambie isifunge kikao mpaka nijibiwe."

Nayibe aliona ombi ni la haki. Akaongeza mstari mmoja.

Hiyo ilikuwa Aprili, na sasa ni Desemba. Mle kwenye kompyuta madiwani wamedai chakula cha mchana, wameomba ruhusa ya kwenda chooni, wameunda kamati nne za kuchunguza bomba. Madiwani wenyewe, wale wa nje, wamekaukwa na sauti. Don Arístides humwomba mkewe chumvi kwa vidole. Rekodi imejaza diski mbili, na ya tatu imenunuliwa kwa fungu la bomba la Loma Alta, kwa kuwa ndilo suala linalojadiliwa.

Juzi Doña Eudoxia alipita chini ya dirisha la baraza na ndoo kichwani, anatoka mtoni. Nayibe akachungulia.

"Panda usikilize, mama! Leo umewakaba koo kwelikweli!"

"Mwache huyo aendelee, mwanangu," alijibu bila kusimama. "Yeye hana nguo za kufua."