Nolly Asimama Kona

Noeline Pascall alizifunga pai zake mbili kwa karatasi ya foili, akazikunja pembe taratibu kama mtu anayefunga zawadi, kisha akazibana kwa waya juu ya injini ya pikipiki yake. Moja ilikuwa ya nyama ya kondoo na vitunguu, yake mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya nyama ya ng'ombe na uyoga, ya mzee Merv, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kukumbuka kubeba chakula. Waya wenyewe ulikuwa uleule wa miaka yote tisa, mweusi kwa moshi, na Noeline hakuona sababu ya kuubadilisha. Kufika saa ya chakula, joto la injini lingekuwa limezipasha pai mpaka ndani.

"Nolly, umeleta na mwavuli?" Darcy Quill alimwuliza, huku akivuta zipu ya buti lake. "Nasikia leo jua kali. Tusije tukakupoteza kivulini."

Watu walicheka pale kwenye uwanja wa changarawe mbele ya ukumbi wa kijiji, pikipiki kumi zimepangwa kama ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa. Noeline naye alicheka. Afanyeje? Mwaka mzima sasa lilikuwa jina lake hilo, Nolly wa Kivuli, na alikuwa amelipata kwa haki.

Mambo yalikuwa hivi. Kundi lile likiingia msituni, kiongozi hutangulia, na mfagiaji, anayehakikisha hakuna aliyeachwa, hukaa nyuma kabisa, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa. Kila wanapofika kwenye kona, yule anayemfuata kiongozi husimama hapo. Huiweka pikipiki yake mahali pa kuonekana, gurudumu la mbele likielekea njia ya kufuatwa, naye hakai mbali. Wenzake wote humpita, na yeye haondoki mpaka aone kizibao. Ni hivyo tu, mtoto wa miaka saba anaelewa. Lakini mwezi wa pili mwaka jana, kwenye kona ya njia tatu, joto lilimzidi Noeline, akaisogeza pikipiki yake hatua sita, akaiegesha chini ya kangaga kubwa, lenye majani yaliyotandazwa kama mwavuli, akafungua chupa ya chai. Hakuangalia gurudumu. Lilikuwa limeelekea kushoto. Waendeshaji wanne wakaliamini gurudumu, wakashuka kushoto mpaka bondeni kwenye matope ya magotini, na ilichukua mchana mzima na kamba tatu kuwatoa.

Hakuna aliyemgombeza. Afadhali wangemgombeza.

Clive Buchholz, kiongozi wao, mwenye kazi ya kuendesha lori la maziwa, alipanda juu ya jiwe ili aonekane, maana ni mfupi. "Juzi mvua imenyesha," alisema. "Udongo ni sabuni. Magogo yana utelezi. Msishindane, hakuna kikombe cha kushindania. Tuna mgeni leo, Philippa, huyu hapa, anatengeneza meno ya watu mjini, kwa hiyo mkidondoka dondokeni kwa uso."

"Niiteni Pip," mgeni akasema. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na saba, buti zake bado zinang'aa.

"Na jingine," Clive akaendelea. "Merv ana neno."

Merv Tulloch, mfagiaji wao, hakupanda jiwe. Alikuwa na miaka sabini na mbili na mgongo uliokwisha kuvunjwa mara mbili na farasi. "Hii ndiyo safari yangu ya mwisho nyuma," alisema. "Baada ya leo nitapanda kama watu wengine, katikati, nikilalamika. Kizibao nitakitoa leo. Nitampa nitakayemwona anafaa."

Macho ya watu yakaenda kwa Darcy, kwa kuwa Darcy alikuwa fundi, aliweza kufungua injini gizani. Darcy mwenyewe alikuwa anatazama kucha zake kwa unyenyekevu wa uongo.

Noeline aliinama kukaza waya ambao haukuhitaji kukazwa. Alikitaka kizibao kile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu amalize kulea. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kukataa vilima, na kila safari alijikuta akiwachelewesha watu walio nyuma yake. Nyuma kabisa, kwenda polepole hakukuwa kosa. Nyuma kabisa ni mahali pa mtu mwenye kamba, plagi ya akiba, maji ya ziada na subira ya kungoja mwenzake apate pumzi. Vitu vyote hivyo alikuwa navyo. Mumewe Vic alimwambia amwombe Merv waziwazi. "Nimwombe na jina langu hili?" alimjibu. "Wataanguka kwa kicheko."

Waliingia msituni saa tatu asubuhi. Mikaratusi ilisimama mirefu pande zote mbili, magome yake yamening'inia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, na chini yake makangaga yalikuwa yanadondosha maji ya juzi. Njia ya kwanza ilikuwa ya magari ya magogo, pana na ya kistaarabu. Ya pili ilikuwa na upana wa meza. Ya tatu haikustahili kuitwa njia. Ilipanda kilima cha udongo mwekundu uliochanwa na maji, mfereji katikati, mizizi imekatiza kama ngazi iliyotengenezwa na mlevi. Noeline alisimama kwenye vikanyagio, akaweka gia ya pili, akaacha pikipiki ijitafutie yenyewe. Alianguka mara moja tu, upande wa kushoto, polepole, kwenye kichaka laini, akainuka kabla injini haijazima. Alifurahi sana kwa hilo. Baada ya kilima walivuka gogo lenye kimo cha goti, kisha kijito chenye mawe ya mviringo na maji baridi yanayofika kwenye injini, na hapo kila mtu alitoka ng'ambo akitabasamu ndani ya kofia, Noeline mmojawapo, buti zimejaa maji.

Kila kona mtu alisimama, na aliyesimama aliingia tena kwenye msafara huko nyuma, mbele ya Merv, kwa hiyo mpangilio ulikuwa unabadilika kama karata. Karibu na saa sita Noeline alijikuta yuko nyuma ya Clive. Alijua kilichokuwa mbele.

Clive alipunguza mwendo kwenye njia tatu, akageuka, akanyoosha kidole chini: hapa. Halafu akaonyesha kulia. Kulia ilikuwa ni kilomita tatu tu za kushuka mpaka uwanja wa chakula, hakuna kona nyingine. Akaondoka.

Kangaga lilikuwa palepale. Limekua kidogo.

Noeline aliiweka pikipiki juani, katikati ya njia panda, gurudumu likitazama kulia kama kidole. Akashuka, akarudi nyuma hatua tano, akaitazama kwa macho ya mtu anayekuja na mwendo kasi. Akarudi, akaisogeza tena upana wa kiganja. Kisha akavua kofia na kusimama kando yake.

Wakaanza kupita. Mmoja, wa pili, wa tatu. Darcy akiwa wa nne alionyesha kangaga kwa kidole na kutikisa kichwa. Wa tano. Wa sita. Bado Pip na Merv.

Dakika kumi zikapita. Akamtoa ruba kwenye kifundo cha mkono, akamweka kwenye jani, maana hakuwa na ugomvi naye. Dakika ishirini. Jua lilikuwa utosini, shati limemganda mgongoni, goti linafukuta. Mdudu mmoja asiyejulikana alikuwa anakereza juu ya mti kama mashine ya kushonea, anaacha, anaanza. Harufu ya uyoga ilitoka kwenye injini iliyokuwa inapoa na mate yakamjaa. Hakufungua. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akainywa akiwa amesimama. Kwa kweli hakuwa na shida. Alikuwa amesubiri watoto watatu watoke shule, unga uumuke, mvua iishe, kusubiri hakukumchosha. Kilichomsumbua ni kujua kama huko nyuma mtu ameumia. Lakini Merv alikuwa huko, na kama kungekuwa na mfupa uliovunjika, Merv angekuja yeye mwenyewe, na hapa ndipo angepita.

Baada ya saa nzima akasikia injini, lakini ilitoka kulia, kwa chini. Alikuwa Darcy, makombo ya keki kwenye ndevu.

"Clive amenituma. Anasema vipi huku?"

"Wawili bado. Pip na Merv."

Darcy aliegesha chini ya kangaga, akakaa kwenye mzizi na kuvua glavu. "Nolly, sikia. Merv atakuwa amemrudisha yule mtoto kwa barabara ya magogo. Buti zile haziwezi kilima kile. Hapa unaungua jua bure. Twende zetu."

"Angekuja kuniondoa."

"Mzee yule anasahau hata chakula chake."

"Chakula anasahau. Watu hajawahi."

"Basi nenda ukale, nikae mimi."

Noeline alifikiri hilo kwa haki, kwani goti lilimwomba afikiri. "Hapana," alisema. "Aliyewekwa na Clive huondolewa na kizibao. Tukianza kubadilishana, kesho hakuna atakayejua nani alikuwa wapi. Huwezi kupanda juu kuwatazama?"

"Clive amekataza. Wakishuka ghafla tutagongana pua."

"Umeona? Basi kaa. Kuna chai."

Darcy akapokea chai. Alikaa, akapiga mafunda mawili. "Watakuzika hapa, wallahi. Tutaandika kwenye jiwe: huyu hakukaa kivulini."

"Darcy, pikipiki yako inaangalia wapi?"

"Haiangalii popote. Imezimwa."

Papo hapo injini ikasikika kule juu, inakohoa, inashika, inakohoa. Noeline alikuwa ameshaweka kifuniko chini. Pip akatokeza kwenye kichwa cha mteremko, matope kuanzia kofia mpaka magoti, miwani yake imepakwa udongo, umebaki mwanya mdogo kama wa kisanduku cha barua. Alikuwa anakuja kasi kidogo kuliko inavyofaa. Kitu cha kwanza kuingia kwenye mwanya ule kilikuwa pikipiki ya Darcy, kubwa, nyekundu, gurudumu la mbele likielekea kushoto. Pip akaanza kuinama kushoto.

Noeline alikuwa amekwisha fika. Hakukimbia, goti halikimbii. Alitembea hatua nne na kusimama katikati ya njia ya kushoto, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea njia ya kulia kama mlango uliofunguliwa. Pip akamwona, akafunga breki, akateleza, akanyooka, akasimama kando ya pikipiki ya Noeline, kulia, mahali panapotakiwa.

Darcy alitazama gurudumu lake. Akainuka, akaisukuma pikipiki mpaka juani, akaigeuza.

"Nimeizamisha kwenye kijito," Pip alisema, akivua miwani. Macho yalikuwa yanacheka. "Nzima. Mpaka taa. Merv akaisimamisha kichwa chini, maji yakatoka kwenye ekzosi kama bomba. Tukakausha plagi kwa soksi yake. Mara nne."

"Soksi gani?" Darcy aliuliza.

"Ya kushoto."

"Ndiyo maana ikawaka. Imeogopa."

Merv akaja nyuma taratibu, kizibao chake kimelowa. Alizima injini, akakaa juu ya pikipiki akiangalia: Noeline juani, uso umewiva, pikipiki mbili zinazotazama kulia, na alama mbichi ya gurudumu chini ya kangaga, ikielekea kushoto. Mzee huyo alikuwa amesoma nyayo za ng'ombe maisha yake yote.

"Huyu binti," alisema, "kule kijitoni alitaka tuiache pikipiki, turudi kwa miguu. Alisema saa nzima imepita, huko mbele hakuna mtu tena. Nikamwambia yupo. Akaniuliza nina hakika gani. Nikamwambia nimehesabu zamu, ninamjua aliyesimama."

Noeline aliinama akaigusa foili juu ya injini. "Pai yako imepoa," alisema.

"Ya uyoga?"

"Ya uyoga."

"Iwashe injini itapata joto."

Ilikuwa zamu ya Noeline kutangulia, maana anayeondolewa kona hupita mbele ya mfagiaji. Alivaa kofia, akainua mguu kwa shida kidogo, akangoja Pip na Darcy waanze kushuka. Merv hakumpungia mkono apite. Alikuwa anahangaika na zipu. Akakivua kizibao, akakikung'uta, akakitundika kwenye mshikio wa pikipiki ya Noeline, bila sherehe, kama mtu anayeanika taulo.

"Nipite mimi," alisema. "Nina njaa."

Akawasha, akashuka kulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mzee yule alionekana akienda kasi isiyo ya lazima.

Darcy alikuwa amesimama kwenye mpindo wa kwanza, anatazama nyuma. "Kinanuka hicho," alimpigia kelele. "Nakuonya tu."

"Nitakifua."

"Usikifue. Tutakutambua kwa nini?"

Alipokwisha kupotea mpindoni, Noeline alikivaa. Kilikuwa kipana, kilimfika mapajani, na kweli kilinuka petroli na jasho na mbwa. Alijifunga kwa makini, vifungo vyote vitatu. Kisha akafanya kile ambacho Merv hufanya kila kona: akageuka, akaitazama njia waliyotoka mpaka pale inapokatwa na miti, akasikiliza. Hakukuwa na injini wala sauti ya mtu, mdudu tu na cherehani yake. Wote walikuwa mbele.

Akaweka gia ya kwanza akashuka nao, polepole, kwa mwendo wake mwenyewe.