Mvua Isiyo na Wingu

Ujumbe ulimkuta Ndizeye akipanda kilima cha Keza kwa miguu, kwa kuwa pikipiki aliyokodi ilipata pancha kule bondeni. MVUA. PAA LIMEFUNGWA. Alisimama, akakinga kiganja. Hakuna hata tone. Akatazama juu, na mbingu ilikuwa buluu tupu kutoka Kasulo hadi ng'ambo ya mpaka.

"Mvua gani hii?" akajiuliza kwa sauti.

Kileleni kulikuwa na kibanda chenye darubini ya kutazamia nyota, mali ya chuo alichosoma. Hapakuwa na mlinzi, ila programu aliyoiandika Ndizeye mwenyewe. Jua likielekea kuzama, paa hufunguka ili kioo kipoe. Ikija mvua au upepo mkali, linajifunga. Yeye hufuatilia yote kwa kompyuta akiwa Biharamulo. Lakini tangu mvua hizi za vuli zianze kunukia, kifaa cha mvua, kisahani kilicho juu ya nguzo kinachohisi matone yakikigonga, kilikuwa kikitangaza mvua huku kamera ikionyesha mbingu safi. Alibadilisha waya, akabadilisha betri, akafuta utando wa buibui. Na lililomvuruga kabisa ni kwamba kila alipokuja kukagua, kifaa kilinyamaza kama mtoto aliyemwona mwalimu.

Jioni hii Dk. Theodosia, msimamizi wa mradi, angepiga simu kutoa uamuzi: darubini ibaki Keza, au ihamishiwe Biharamulo mjini, ambako mtu angeweza kukaa na kulifunga paa kwa mkono. Mjini kuna taa nyingi na nyota chache. Ndizeye alizaliwa Keza. Mtoto wa kwanza kuchungulia darubini ile aliuliza ni nani aliyeivisha Zohali pete zake, na tangu siku hiyo Ndizeye hakutaka tena kusikia habari ya kuihamisha.

Alipokaribia kibanda alisikia mlio wa harakaharaka, ta-ta-ta-ta. Nyuma ya kibanda, karibu kabisa na nguzo, kichuguu kilikuwa kimefunikwa blanketi na majani ya migomba. Bibi Esperansia, jirani aliyetoa kipande kile cha shamba, alikuwa amechuchumaa akipiga gogo kwa vijiti viwili.

"Shikamoo, bibi."

Bibi akaruka. "Marahaba! Wewe, unanyata kama mwizi wa kuku? Pikipiki iko wapi?"

"Imepata pancha."

"Ndiyo maana. Mimi nikisikia pikipiki yako naacha kazi, nakuja kukulaki. Mgeni hapokewi kwa mgongo."

"Na kazi yenyewe ni ipi?"

"Chuo chote kile hawakukufundisha? Nawadanganya kumbikumbi. Wakisikia gogo wanadhani mvua inanyesha, wanatoka."

Ndizeye aliitazama nguzo. Kila kijiti kilipogonga, ilitetemeka kidogo.

"Bibi, hebu acha kwanza." Baada ya muda simu ikaandika: HAKUNA MVUA. "Piga tena." MVUA.

Hakujua acheke au alie. "Umeidanganya na mashine yangu!"

"Mashine nayo inatoka?"

"Haitoki. Inajifunga."

"Basi ina akili kuliko kumbikumbi. Na mimi nikiona paa linajifunga, najua mvua iko karibu, naongeza kupiga!"

Ndizeye akatoa kompyuta kwenye begi. Ilitosha kubadilisha tarakimu moja, kifaa kipuuze mapigo madogo, na paa lingefunguka kabla Dk. Theodosia hajapiga. Akaweka kidole. Lakini manyunyu je? Manyunyu nayo hugonga polepole, na kioo hakivumilii maji. Angejuaje kipi ni kijiti na kipi ni mvua? Simu ikaita. Akakiondoa kidole.

"Ndizeye, paa limefungwa na mbingu ni safi. Nieleze."

"Daktari, kuna bibi anapiga gogo..." Alijisikia akizungumza kama mwongo. Hata hivyo alieleza yote, mpaka kumbikumbi.

Daktari akauliza, "Umepunguza usikivu wa kifaa?"

"Hapana. Nilitaka. Sikuweza kutofautisha kijiti na manyunyu."

"Mvua ya kweli imewahi kukuta paa wazi?"

"Haijawahi."

"Basi sielewi ulichokuwa ukihangaikia. Paa likijifunga bure, napoteza jioni moja. Lisipojifunga, napoteza darubini. Ungekigusa kile kifaa, kesho ningeleta gari la kuihamisha darubini. Iache hapo hapo. Nguzo ndiyo uisogeze."

Akakata.

Ndizeye alibaki ameshika simu. Siku zote hizo alikuwa akiogopa kisichoogopwa, na tiba aliyoitamani ndiyo ingemnyang'anya darubini. Alitaka kufurahi, lakini hakuona pa kuanzia.

"Amesemaje huyo mkubwa wako?"

"Inabaki, bibi."

"Sasa mbona machozi?"

"Sijui."

"Kama hujui, njoo ushike pembe ya blanketi. Wanatoka!"

Alipiga magoti, akaishika. Kumbikumbi walimiminika shimoni, mabawa yakimpapasa mikononi, naye bado akijaribu kuelewa ameshinda vipi.